Sura ya Nne: Ukuta wa Nyuma ya Gereji

Jumamosi alasiri, bustani ya hoteli ya Dar es Salaam yenye chemchemi na nyasi zilizokatwa vizuri hujaa maharusi. Wanapanga foleni. Wa kwanza wakimaliza mbele ya maji, wa pili wanasogea, na wapambe wanashika shela lisiburute kwenye tope. Picha zikitoka, ukizitandaza zote mezani, unaona chemchemi ileile, minazi ileile, na katikati watu wawili wadogo ambao huwatambui mpaka uwe ndugu yao. Sina ugomvi na chemchemi. Ila katika picha ya mtu, mahali pazuri ni mshindani. Jicho la mtazamaji hukimbilia penye mng'ao, penye rangi kali na penye vitu vingi, na uso wa binadamu, hata uwe mzuri vipi, hauyawezi maji yanayorushwa juu kwa taa za rangi.

Sura hii ni ya upande wa pili wa mji: nyuma ya gereji, ngazi za ghorofa ambalo halijapakwa rangi, ofisi yenye kalenda tatu ukutani, kiwanja cha vumbi chenye kontena. Ni mahali ambapo mteja akifika anaangalia huku na huku, kisha anakuuliza kwa upole kama mmekosea njia. Mara nyingi mahali pa namna hiyo panampa mpiga picha kazi nyepesi kuliko bustani, kwa sababu hapana kinachogombea nafasi na uso.

Mpiga picha Seydou Keïta alilijua hilo mapema. Alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, mtaa wa Bamako-Coura, jirani na gereza, na sehemu kubwa ya kazi aliifanyia uani kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake. Baadaye akawa anabadilisha pazia kila baada ya miaka miwili mitatu, na uzeeni, alipotaka kujua picha fulani ilipigwa lini, alitazama pazia. Kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Katika baadhi ya picha hizo udongo wa uani unaonekana waziwazi chini ya miguu ya watu waliovaa wakapendeza, nao haupunguzi kitu. Leo zinatundikwa kwenye makumbusho ya Paris na New York. Ua ule, kama ungeupita mchana bila shuka na bila watu, usingeupa hata dakika moja.

Mfano mwingine ni wa kambi, wala si wa studio. Machi 1936 mpiga picha Dorothea Lange aliingia kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, akamkuta Florence Owens Thompson na watoto wake chini ya hema lililochakaa. Alipiga picha chache huku akisogea karibu. Katika zile za mbali unaona hema zima, vyombo vya nyumbani na uwanja mtupu. Katika ile iliyokuja kujulikana dunia nzima, hema limebaki kipande cha kitambaa cha kijivu nyuma ya mama na watoto wawili waliogeuza nyuso zao. Kambi ilikuwa ileile, na hema ni lilelile. Kilichopungua ni eneo lililoruhusiwa kuingia kwenye picha.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa uijue kwa namba. Lenzi ya milimita 28, ambayo iko karibu na ile ya kawaida ya simu, inameza takriban nyuzi 65 kwa upana kwenye kamera ya fremu kamili. Lenzi ya milimita 85 inameza nyuzi 24 tu. Tuseme mtu amesimama mita 5 mbele ya ukuta wa gereji, na unataka akae kwenye picha kwa ukubwa uleule kwa lenzi zote mbili. Kwa ile ya 28 utasimama mita 1 kutoka kwake, na nyuma yake utaingiza upana wa ukuta wa mita 7 na nusu hivi: matairi, ndoo ya oili chafu, bajaji iliyofunguliwa injini na kijana anayekula muhogo. Kwa ile ya 85 utarudi nyuma mpaka mita 3, na ukuta utakaoingia ni upana wa mita 3 na nusu hivi. Zaidi ya nusu ya gereji imeondoka, na hakuna aliyeombwa kusogeza tairi. Kwenye simu, gusa alama ya 2x au 3x kama ipo, kisha urudi nyuma kwa miguu yako. Pua ya mteja nayo itakushukuru, maana kumsogelea mtu kwa lenzi pana hukuza pua na kurudisha masikio nyuma.

Urefu wa kamera hufanya kazi hiyohiyo. Kwenye stendi ya daladala, ambako hakuna pembe isiyo na mtu, piga goti, na nyuma ya mteja patabaki anga na labda ukingo wa paa. Kama anga limejaa nyaya za umeme, panda juu ya kiti au kizingiti, mwambie akutazame, na lami yote itageuka mandhari ya nyuma. Sakafu ya saruji iliyofagiliwa ni mojawapo ya mandhari safi kuliko zote, na kwa kuwa tunaikanyaga, tunaisahau.

Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni mwanga, na hapa ndipo wengi tunapopotezwa na vitabu vilivyoandikwa kwingine. Vitabu hivyo husifu saa ya dhahabu ya jioni, na katika nchi za kaskazini wakati wa kiangazi saa hiyo ni ndefu kweli, kwa sababu jua linashuka likiwa limelala ubavu. Kwetu jua hupanda na kushuka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Saa tatu asubuhi tayari limefika karibu nusu ya safari ya kwenda utosini. Mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe 10 Oktoba hivi, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya Dar es Salaam, na kivuli cha mtu kinajikunja chini ya nyayo zake. Ukimpiga picha wakati huo uwanjani, macho yanakuwa mashimo mawili na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo. Mteja ana nafasi saa sita mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Utamwambia arudi saa kumi na mbili kasorobo?

Humwambii. Unamtafutia mlango. Mlango wowote unaotazama nje, wa duka, wa stoo, wa kontena, wa banda la gari. Msimamishe ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka mstari jua linapoanzia, uso ukitazama nje. Nyuma yake chumba ni cheusi, na fujo zote za stoo zimemezwa na giza. Mbele yake kuna anga, na ardhi iliyopigwa na jua inarudisha mwanga kutoka chini, unaingia kwenye macho na chini ya kidevu ambako jua la juu halifiki. Pwani, kwenye mchanga mweupe au kuta za chokaa, mwanga huo wa kurudi ni mwingi na msafi. Kwenye udongo mwekundu wa bara utakuwa na wekundu kidogo, na kwa ngozi nyingi za kwetu wekundu huo ni zawadi. Wajenzi wa Lamu hawakuwa na habari za kamera walipoweka daka mbele ya nyumba, lile la baraza mbili za mawe zinazotazamana, lakini ukimketisha mtu pale, kivuli kikiwa juu yake na uchochoro mweupe mbele yake, unapata mwanga ambao studio hulipia fedha nyingi.

Watu hunibishia kwa kunitajia mwembe. Mbona chini ya mwembe kuna kivuli? Kipo, lakini kimetobolewa. Jua linapenya kati ya majani na kuangusha madoa mashavuni, na mwanga uliopita kwenye majani unatoka na ukijani unaomfanya mtu aonekane mgonjwa. Ukiupenda mwembe, kaa ukingoni mwa kivuli chake, mgongo ukielekea shinani.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni pagale. Mtanzania hujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati Mungu akijalia. Kwa hiyo pembezoni mwa kila mji kuna nyumba zilizosimama bila paa au bila madirisha, zikingoja fedha ya mwenyewe. Kwa mpita njia ni uchakavu. Kwa mpiga picha ni vyumba vyenye matundu makubwa ya mwanga yasiyo na kioo, pazia wala nondo, na kuta za tofali za saruji zenye rangi ya kijivu ambayo haimwagi rangi yoyote kwenye uso wa mtu. Chagua chumba chenye paa na tundu moja la dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Msogeze mtu karibu na tundu, kiasi cha mita 1, uso ukiwa umegeukia ukingo wake badala ya katikati. Sasa angalia ukuta wa nyuma.

Utakachokiona kina kanuni yake. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo, ukiongeza mara nne, unabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Dirisha pana haliifuati kanuni hiyo kwa usahihi, kwa sababu si chanzo kidogo, lakini mwelekeo ni uleule. Mtu akiwa mita 1 kutoka dirishani na ukuta wa nyuma ukiwa mita 4, ukuta unapokea sehemu ndogo ya mwanga unaoupokea uso wake. Kamera ikipima uso, ukuta unazama kwenye weusi, na maandishi ya mkaa, mifuko mitupu ya saruji na ngazi iliyovunjika vinazama nao. Ukitaka ukuta uonekane, mrudishe mtu nyuma mpaka mita 3, na tofauti inapungua. Kwa kumsogeza mtu mmoja ndani ya chumba kimoja unapata pazia jeusi, la kijivu na la kijivu hafifu bila kununua kitambaa.

Upande wa uso ulio mbali na dirisha ukiwa mweusi mno, tafuta kitu cheupe umwekee. Kwenye pagale hutahangaika: kipande cha jipsamu kilichobaki, mfuko wa saruji uliogeuzwa ndani nje, hata kanzu ya mtu aliyekusindikiza. Kishike karibu na bega, nje kidogo ya picha, na ukisogeze taratibu huku ukitazama jicho la upande huo. Jicho likipata nukta ya mwanga, simama hapohapo. Na kabla ya yote, kagua sakafu. Misumari iliyogeukia juu, nge, na uchafu wa watu waliotumia kona za nyumba kwa haja zao vyote vipo, na mteja mwenye viatu vya wazi hatakusamehe.

Kuta za nje zina mambo yake. Fremu nyingi za biashara barabarani zimepakwa rangi za kampuni za simu, nyekundu, bluu, kijani, na ukuta mkali unaopigwa na jua hurusha rangi yake kwa yeyote aliye karibu. Mtu aliyeegemea ukuta wa bluu anapata taya la bluu. Msogeze mbele mita 2 na rangi itabaki ukutani. Mabati yenye kutu ni mazuri sana, ingawa hudhurungi yake iko karibu na rangi ya ngozi za watu wengi, na uso unaweza kupotea ndani yake. Hapo nguo ndiyo inayookoa: shati jeupe, kanga ya njano, kitu cha kuutenga mwili na bati. Ukuta mweupe nao una mtego wake. Kamera hukisia kwamba kila kitu ni cha kijivu cha wastani, na ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima, kwa hiyo mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe anageuka kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kwa kidole mpaka ngozi ionekane jinsi unavyoiona wewe. Ukuta ukiungua ukawa mweupe mtupu, uache uungue.

Ofisi sitaikalia sana, kwa kuwa dawa yake ni fupi: zima taa. Mwanga wa dirishani uko karibu na kelvini 5500, balbu za manjano ziko chini ya 3000, na mirija ya zamani ya darini ina ukijani wake. Vikichanganyika usoni, hakuna marekebisho ya baadaye yatakayovitenganisha. Zima taa, vuta meza, mgeuze bosi kuelekea dirishani, na uondoe kalenda iliyoota kichwani mwake. Atalalamika kwamba chumba ni giza. Mwonyeshe picha ya kwanza, atanyamaza.

Kuna wakati mahali panakataa kabisa. Hapo unaenda na mahali pako. Richard Avedon alifanya hivyo kati ya 1979 na 1984, alipozunguka magharibi ya Marekani kwa kazi aliyoagizwa na jumba la makumbusho la Amon Carter la Fort Worth. Alipiga picha za watu zaidi ya 700, wachimba makaa, wafanyakazi wa visima vya mafuta, wa machinjioni, madereva, mbele ya karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani au ubavuni mwa gari, daima kivulini. Mgodi na machinjio havionekani popote, lakini masizi, damu na mafuta vimebaki kwenye nguo na ngozi, na kwangu mimi hilo linatosha kueleza palikuwaje. Irving Penn naye aliwaita studioni wauza samaki na wachinjaji wa Paris, London na New York mwaka 1950 na 1951, wakiwa na nguo zao za kazi na zana zao mkononi, akawasimamisha mbele ya pazia lililofifia. Wewe huhitaji karatasi ya Avedon. Turubai la kijivu, shuka lisilo na maua, au mkeka uliotundikwa kwenye kamba kwa vibanio, mita 2 kwa 2, linatosha mtu mmoja. Lifunge kivulini. Upepo ukivuma, mpe kijana mmoja ashike pembe ya chini, na umlipe soda.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo vitabu vingi vya upigaji picha hulikwepa, nami nalichukulia kwa uzito. Mteja anaweza kuelewa yote haya na bado asitake. Mama wa bibi harusi anatazama picha na kuuliza, "Mwanangu, huyu umempiga picha jalalani?" Hoja yake haihusu mwanga. Inahusu heshima. Picha itatundikwa sebuleni na kutumwa kwa ndugu walio Muscat na Toronto, nayo ni ushahidi kwamba familia imefika mahali fulani. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 waliielewa haja hiyo vizuri kuliko sisi: vibandani mwao walichora ndege, meli na maghorofa, na msafiri aliyesubiri feri akapigwa picha mbele ya dunia aliyoitamani. Atakayewacheka amekosa jambo. Hata Keïta aliweka saa, kalamu na redio za kuazima, na aliyetaka kupigwa picha na pikipiki alipigwa nayo.

Jibu langu kwa mama yule ni kwamba heshima iko kwenye mavazi, mkao na uso, na mandhari ya nyuma kazi yake ni kuviachia vionekane. Hata hivyo jibu hilo sina haki ya kumlazimisha. Ukitaka kumpeleka mtu nyuma ya gereji, mwambie kabla, mwonyeshe picha uliyopiga pale, na akisema hapana, nendeni kwenye chemchemi. Kisha tafuta kivuli kilicho kando ya chemchemi, ugeuze mgongo kwa maji, na upate picha mbili tatu za uso kabla ya kurudi kwenye foleni. Nyingi kati ya hizo ndizo zinazoishia sebuleni.

Kuna jambo jingine karibu na hilo. Mahali unapopaita pabaya ni kwa mtu. Fundi anayepigwa picha kwenye gereji yake mwenyewe, amevaa ovaroli yake na spana mkononi, yuko nyumbani kwa kazi yake. Mwanamitindo mwenye gauni la hariri aliyesimamishwa kwenye mfereji wa maji machafu wa watu wengine, huku wenyeji wakiondolewa wasiharibu fremu, hiyo ni biashara nyingine, na mimi siipendi, hata mwanga uwe mzuri namna gani. Kama wenyeji wapo, wasalimie, waambie unachofanya, na uliza kama kuna mmoja anayependa kupigwa picha. Mara nyingi yupo, na mara nyingi ana uso mzuri kuliko uliyekuja naye.

Kuhusu ruhusa, usinyanyue kamera karibu na kambi za jeshi, bandari, reli au majengo ya serikali bila kibali, hata kama ukuta wake ni mzuri namna gani. Pagale lina mwenyewe, na kama yuko mbali, kuna mlinzi au jirani anayemjua. Mtafute. Akiwa mzee, shikamoo kwanza, maelezo baadaye, na kamera ibaki begani mpaka amalize kukuuliza wewe ni wa nani. Atataka kujua kama picha zinakwenda gazetini au kwa watu wa ardhi. Mweleze ukweli, na utaje ni muda gani utakaa. Mwenye gereji naye ana hasara ya mafundi waliosimama kukutazama, kwa hiyo nenda saa ya chakula, na ukirudi wiki ijayo beba picha yake mwenyewe iliyosafishwa kwenye karatasi, si ile ya kwenye simu. Ataibandika juu ya benchi la vifaa, kando ya bei za oili, na mara nyingine ukija na mteja atasogeza matairi kabla hujamwomba.